Ngoja Ngoja ya Kulipia

Saa nane usiku, Baraka amelala, mimi siwezi. Baraka ni Sim wangu. Anaishi ndani ya simu yangu, kwenye nyumba ambayo sijawahi kumwona akiilipia kodi. Juu yake kuna mstari unaojaa polepole, na kando ya mstari kuna saa inayohesabu kurudi nyuma. Akiamka nitamtuma shambani, kisha bafuni, kisha kazini, na kila moja ya kazi hizo ina saa yake. Mimi nami nangoja. Nangoja malipo ya makala niliyoiandika wiki sita zilizopita, na hayo hayana mstari wala saa. Niliambiwa yataingia "wiki hii". Hiyo wiki hii imekuwa ndefu kuliko usingizi wote wa Baraka ukijumlishwa.

Nimeicheza The Sims FreePlay kwa vipindi, nikiifuta na kuirudisha, tangu nilipotoka chuo. Kila nikiifuta naapa sirudi. Kila nikirudi najiambia ni ya bure, kwani napoteza nini? Makala hii ni jaribio la kulijibu swali hilo bila kujidanganya. Sikushauri ufute chochote. Simu ni yako na usiku ni wako. Nataka tu kuelewa kwa nini mchezo kuhusu maisha, uliotengenezwa na watu wenye ujuzi mkubwa, unachosha kwa namna ile ile ambayo maisha yenyewe yanachosha, na kwa nini uchovu huo umewekwa pale makusudi.

Tuanze na gemu yenyewe, kwa wale ambao hawajawahi kunaswa. EA iliitoa mwishoni mwa 2011 kwa iPhone, na ya Android ikafuata mwaka 2012. Ukiifungua unakuta mji wenye barabara safi na nyasi zilizokatwa. Unaumba mtu, unamvisha, unampa nyumba. Unamtuma apande mboga, aoke keki, aende kazini, apende, aoe au aolewe, alee mtoto. Hela za kawaida za huko zinaitwa Simoleon. Juu ya hizo kuna pointi za aina nyingine, Lifestyle Points na Social Points, ambazo hupatikana kwa kudonadona, na ndizo zinazofungua vitu vizuri na kuharakisha mambo. Ukikosa zote, kuna duka. Duka halitaki Simoleon. Linataka pesa za kweli.

Jambo kubwa kuliko yote ni kwamba saa ya gemu ni saa ya ukutani. Kukiwa usiku Nairobi, ni usiku kwa Baraka. Mboga inayoiva kwa saa kadhaa itaiva kwa saa kadhaa, zako na zake. Kujenga nyumba mpya kunaweza kuchukua siku nzima na zaidi, na kadiri mji unavyokua ndivyo ujenzi unavyozidi kuwa ghali na kuchukua muda. Siku ya kwanza unangoja sekunde chache, unavuna, unashangiliwa, unapanda ngazi. Siku ya pili unangoja dakika. Baada ya wiki mbili unaweka simu chini, unaenda kutafuta riziki, unarudi jioni kubonyeza vitufe vinne, na mchezo umeisha kwa leo. Huwezi kusema ni lini hasa mlango ulifungwa, juu ulifungwa polepole sana.

Nikiwa mdogo tulikuwa na mchezo wa kuigiza maisha ambao haukuhitaji simu. Tuliuita kalongolongo. Kama ulikulia mtaani Kenya unaujua, hata kama kwenu uliitwa cha baba na cha mama. Udongo ulikuwa unga, majani ya mti yalikuwa noti, vizibo vya soda vilikuwa sarafu, mkebe uliotupwa ulikuwa sufuria. Mmoja alikuwa baba, mmoja mama, wengine watoto, na daima kulikuwa na yule aliyelazimishwa kuwa mbwa. Mchezo ulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeitunga: mtu akisema "sasa ni usiku", basi ni usiku. Wote tunalala chini, tunafumba macho, sekunde tatu, mmoja anawika kama jogoo, kumekucha. Baba anaenda kazini nyuma ya choo na kurudi na mshahara wa majani. Maisha ya wiki nzima yaliisha kabla mama wa kweli hajaita watu wakaoge.

Hatukulipa chochote, ndiyo, lakini nikifikiria leo naona bure ya kalongolongo haikuwa hasa habari ya pesa. Muda ulikuwa wetu. Harusi ikinoga tuliirefusha. Msiba ukichosha tuliuruka. Mtoto wa jirani akivuruga mambo, mtu alisema "tuanze tena", tukaanza tena, na hakuna aliyetuambia turudi baada ya saa sita au tutoe kitu.

Ile The Sims ya kwanza kabisa, ya kompyuta, ililielewa jambo hili. Aliyeibuni ni Will Wright wa kampuni ya Maxis. Mwaka 1991 moto mkubwa ulipita kwenye vilima vya Oakland, California, ukateketeza maelfu ya nyumba, na yake ikiwemo. Wakati wa kuanza upya, kununua kitanda, sahani, kila kitu, alianza kujiuliza mtu anahitaji vitu gani hasa na kwa nini. Kutoka kwa swali hilo ukazaliwa mchezo ambao wenzake kazini waliuita nyumba ya wanasesere, na uliotoka mwaka 2000. Kwangu historia hii ni muhimu. Gemu maarufu kuliko zote kuhusu kununua makochi ilianzia kwa mtu aliyepoteza makochi yote. Ndani ya mzaha wake kulikuwa na maswali: umepata kitanda kikubwa, sasa je? Umepata runinga, mbona bado uko mpweke?

Mimi nilikutana nayo kwa saiba ya mtaani, nakala ambayo sikuuliza imetoka wapi, shilingi moja kwa dakika. Ilikuwa The Sims 2. Kijana wa saiba alikuwa ameandika neno moja kwa kalamu kwenye ukingo wa skrini: motherlode. Ulifungua kisanduku kidogo, ukaandika neno hilo, na familia yako ikapata Simoleon 50,000 papo hapo. Kwenye The Sims ya kwanza neno lilikuwa rosebud, nalo lilileta 1,000 kila ukiliandika. Hizi hazikuwa njia za wezi. Watengenezaji wenyewe waliziweka na kuziacha humo. Na pembeni kulikuwa na vitufe vya mwendo: Sim wako akilala, unabonyeza cha kasi, usiku unapita kama matatu ya jioni isiyo na abiria. Kwa sisi tuliokuwa tukilipa kwa dakika, kitufe hicho kilikuwa rehema.

Sasa weka hizo gemu mbili kando kwa kando. Neno la siri na kitufe cha kasi vilikuwa zawadi kwa mchezaji. Kwenye FreePlay havijapotea. Vimehamishiwa dukani. Kile kitufe ambacho ulikibonyeza bila kufikiri ndicho bidhaa yenyewe leo. Ukiliona hilo, unaelewa kwa nini mchezo haukusumbui kwa bahati mbaya. Ukiwa mtamu muda wote, nani atalipa? Na ukiudhi kupita kiasi, nani atabaki? Kazi ya mbunifu ni kutafuta kile kipimo cha katikati, kero inayovumilika, kama mtu anayekufinya kidogo huku akikuuliza kama ungependa aache.

Kuna msomi wa gemu wa Marekani, Ian Bogost, aliyelisema hili mapema kwa dhihaka. Mwaka 2010, wakati dunia nzima ilikuwa ikilima FarmVille kwenye Facebook, alitengeneza mchezo unaoitwa Cow Clicker. Unapewa ng'ombe. Unambonyeza. Halafu unangoja saa sita ndipo umbonyeze tena. Basi, hakuna kingine. Kama huwezi kungoja, unalipa. Ulikuwa utani, lakini maelfu ya watu waliucheza kwa moyo wao wote. Mwishowe, mwaka 2011, Bogost aliwaondoa ng'ombe wote, pakabaki nyasi tupu, na bado kuna watu walioendelea kubonyeza pale ng'ombe alipokuwa amesimama. Siwacheki. Nimewahi kumwamsha Baraka saa kumi alfajiri ili avune karoti.

Hapa lazima niwe mwadilifu, juu kuna hoja ya upande wa pili na si ya kijinga. Rafiki yangu mmoja anafanya kazi ya keshia kwenye supamaketi. Anasimama kuanzia asubuhi hadi jioni, na simu hairuhusiwi kaunta. Yeye anaipenda FreePlay kwa sababu ya saa zile zile ninazozilaani. Kwenye matatu asubuhi anapanda, anatuma watu kazini, anafunga. Jioni akirudi kila kitu kimeiva. "Hiyo ndiyo kitu ya pekee kwa maisha yangu inaendelea bila mimi kuwa hapo," aliniambia. Hajawahi kulipa hata ndururu. Ana mji mzuri kuliko wangu. Kwake mchezo ni kama bustani ya dirishani: unaimwagilia, unaondoka, unarudi.

Nilimsikiza nikaona tofauti yetu haiko kwa gemu, iko kwa muda. Yeye ana kazi na hana muda. Mimi nina muda na sina kazi, au nina kazi ya vipande vipande, makala leo, tafsiri mwezi ujao, kimya katikati. Gemu inayokupa dakika nne za furaha halafu ikakuambia urudi jioni inamfaa mtu ambaye jioni yake imejulikana. Kwa mtu anayekanyaga lami akitafuta kazi, kungoja si pengo kati ya mambo. Kungoja ndiyo mambo. Unangoja kupigiwa, unangoja kujibiwa barua pepe, unangoja pesa "ziko kwa mchakato". Halafu unafungua simu upumzike, na humo ndani kuna kijana mwingine amesimama kando ya shamba anangoja. Sasa hapo nimepumzika vipi?

Mathe alikuja kunitembelea keja mwezi uliopita. Aliketi kitandani, kiti ni kimoja na kilikuwa na nguo. Aliona Baraka kwenye skrini.

"Huyu ni nani?"

"Ni mtu wa gemu, mama."

"Anafanya nini?"

"Anangoja nyumba iishe kujengwa."

Aliangalia kitambo. "Na wewe unafaidika aje ikiisha?"

Nilianza kumweleza habari za ngazi na pointi nikasikia sauti yangu mwenyewe nikanyamaza. Hakunikaripia. Aliuliza tu kama nimekula.

Utaniambia kwamba hata hivyo hakuna anayekulazimisha kulipa, na ni kweli. Lakini neno "bure" linahitaji kuangaliwa mara mbili hapa kwetu. Gemu inadai mamia ya megabaiti kushuka, halafu inadai intaneti kila unapocheza, na bando hazigawiwi kanisani. Inadai simu yenye nafasi, kwa hivyo unafuta picha. Inadai chaji. Na inadai umakini wako kwa saa ambazo haikuchagua wewe. Kuna misheni zenye tarehe ya mwisho: ukimaliza kwa wakati unapata zawadi, ukichelewa zawadi inakwenda au inabidi uinunue kwa pointi. Kwa hivyo kuna usiku unaamka kwa sababu ya kidimbwi cha kuogelea ambacho hakina maji.

Nitakiri usiku mmoja kama huo. Zilikuwa zimebaki dakika chache misheni ifungwe, na hatua ya mwisho ilihitaji saa ambazo sikuwa nazo. Nilifungua duka. Nikachagua kifurushi cha bei ya chini. Nikafika hadi pale pa kuweka kidole. Kwa M-Pesa nilikuwa na shilingi 410, na tokeni za stima zilikuwa zimebaki yuniti tatu. Sikulipa. Usifikiri ni hekima. Ni kwamba niliona aibu mapema, kabla ya kosa, nikiwaza nitamwambia nani stima ikizima kwamba nilinunua saa tano za mtu asiyekuwepo. Misheni ilifungwa. Nililala vibaya kama mtu aliyefungiwa nje.

Baada ya usiku huo nilihamia BitLife kwa muda, na ulinganisho wake ulinisaidia. BitLife ilitoka mwaka 2018, kazi ya Candywriter wa Miami, na kwa sura ni kinyume kabisa cha FreePlay. Hakuna nyumba, hakuna nyasi. Ni maandishi tu, na kitufe kikubwa cha kuongeza umri. Ukikibonyeza, mwaka umepita. Unazaliwa, unabonyeza, uko darasani, unabonyeza, una miaka kumi na minane, na mistari minne inakuambia hali yako: furaha, afya, akili, sura. Robo saa, umekufa, umepewa kaburi na utepe unaoeleza ulikuwa mtu wa aina gani. Hapa muda umerudishwa kwa mchezaji kama kwenye kalongolongo. Sasa ni usiku, sasa ni asubuhi, sasa una wajukuu.

Nilijiumba mwenyewe. Nilichagua Kenya, nikasoma, nikaingia chuo kikuu kwa mkopo. Kuna chaguo la kuacha masomo. Nililibonyeza kuona itasema nini. Ikanipa taarifa fupi, nikabonyeza umri, mwaka mwingine. Nilikaa nikiangalia skrini kitambo. Mimi kuacha chuo kulinichukua miezi minne. Kulikuwa na salio la karo, kulikuwa na mdogo wangu anayeingia sekondari, kulikuwa na baba aliyeuza kitu ambacho hakutaka kutuambia ni nini. Kulikuwa na wiki ambazo nilivaa, nikabeba begi, nikaenda kukaa maktaba ya umma ili watu wa ploti wafikiri bado naenda darasani. Hakuna siku moja ninayoweza kuionyesha na kusema niliacha chuo siku hii. BitLife ilikuwa na neno moja na kitufe. Sikukasirika. Nilijua hadithi fupi haiwezi kubeba kila kitu. Lakini nilielewa kwamba kasi nayo inaweza kudanganya, sawa na ucheleweshaji.

Na BitLife nayo ina duka. Unaweza kulipia kuondoa matangazo, ambayo hukatiza maisha yako kwa ghafla, mara nyingine muda mfupi tu baada ya msiba. Na unaweza kulipia uwezo wa kimungu, unaoitwa hivyo hivyo, God Mode, unaokuruhusu kubadilisha sifa za watu: akili, sura, afya. Kazi kadhaa za kuvutia zimefungwa hadi ununue. Kwa hivyo FreePlay inauza muda, na BitLife inauza bahati. Ukizijumlisha umepata vitu viwili ambavyo kijana wa Nairobi anaambiwa kila siku kwamba ndivyo vinavyomkosesha: subiri kidogo, au labda huna nyota. Hawa watu wa gemu wanatujua kuliko tunavyodhani.

Lakini kuna kitu hawakijui, na hapa ndipo ukosoaji wangu mkubwa ulipo. Kwenye mji wa Baraka ukipungukiwa una njia mbili: ngoja au lipa. Huku nje kuna njia ya tatu, na ndiyo inayotuweka hai: omba. Mama wa duka anaandika kwa kitabu. Chama kinakupa zamu yako mapema kwa sababu umefiwa. Mtu uliyesoma naye anakutumia mia mbili bila ujumbe wowote. Mwenye nyumba, akiamka vizuri, anasema lete nusu. Sisi tulijenga shule na kulipa bili za hospitali kwa harambee. Njia hii ina aibu zake na mizigo yake, usinielewe vibaya. Kuomba kunachosha kuliko kungoja. Lakini ni maisha. Baraka ana marafiki. Wana mstari unaoonyesha urafiki umefika wapi. Wanapiga stori, wanacheka kwa lugha yao isiyo na maana. Hakuna hata mmoja anayeweza kumkopesha.

Fikiria kidogo kama ingewezekana. Kama jirani angeweza kuja na majembe yake, shamba la saa sita likavunwa kwa tatu, bila duka kuguswa. Gemu ingebaki gemu, na ingekuwa ya kweli zaidi. Haiwezekani kwa sababu rahisi: kila msaada wa bure ni kifurushi ambacho hakikununuliwa. Biashara ya namna hii inahitaji mchezaji awe peke yake anaposhikwa na haraka. Ndiyo maana mji huo, pamoja na karamu zake zote, una upweke ambao hauelezeki hadi ukae humo muda mrefu. Nilidhani ni upweke wangu ninauingiza. Sasa nadhani umejengwa kwenye msingi.

Kwenye kalongolongo, hata yule mbwa alipewa ugali wa udongo.

Wazee wana methali mbili kuhusu kungoja, na zinagombana. Moja inasema subira yavuta heri. Nyingine inasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Shuleni walitufundisha tuzitumie kwenye insha kulingana na swali, kana kwamba ni nguo za kubadilisha. Nilichojifunza kwa Baraka ni kwamba tofauti kati yao ni kujua nani anashika saa. Mkulima anayengoja mvua ana subira. Hakuna aliyeificha mvua ili amuuzie. Lakini mtu akiwa ameushika muda wako mkononi, akakuambia uvumilie huku akikuonyesha bei, hapo hakuna heri inayovutwa. Hapo ni matumbo.

Na kuna mwisho mbaya zaidi ya kungoja. Mwaka 2018 EA ilitoa gemu nyingine ya ukoo huu, The Sims Mobile, ambayo Masim wake walikuwa na nguvu zinazokwisha kila wanapofanya kitu. Mnamo Oktoba 2025 ilitangazwa kwamba mitambo yake itazimwa Januari 2026. FarmVille ile ya Facebook ilikuwa imekwisha kufungwa siku ya mwisho ya mwaka 2020. Waza kuhusu mtu aliyevumilia kwenye The Sims Mobile kwa miaka saba, akapanda, akangoja, akalea vizazi. Mvumilivu hula mbivu, walisema. Huyu alivumilia hadi mti ukang'olewa na mwenye shamba. Nakala yangu ya saiba, pamoja na dhambi zake zote, pengine bado inafanya kazi mahali fulani kwenye kompyuta iliyojaa vumbi.

Sasa niseme hukumu yangu wazi, juu makala ya ukosoaji isiyo na hukumu ni stori tu. The Sims FreePlay ni gemu nzuri kwa sura, yenye ucheshi, iliyosukwa na watu wanaojua kazi, na kwa mtu kama rafiki yangu keshia, anayeingia na kutoka bila kuhisi deni, ni burudani halali. Kama mchezo kuhusu maisha, imeshindwa mahali pakubwa. Imeichukua nyumba ya wanasesere ya Wright, iliyouliza mtu anahitaji nini, na kuligeuza swali liwe mtu atavumilia kiasi gani. Na wanaojibu swali hilo kwa muda mrefu zaidi ni wale wasio na kitu kingine cha kulipa ila siku zao. Tunaambiwa sisi ndio wachezaji wa bure. Sidhani. Nimehesabu asubuhi nilizozitoa, na hakuna hata moja niliyorudishiwa chenji.

Sijaifuta. Ningependa kukuambia nimeifuta, lakini nilikuahidi kutojidanganya. Nimezima arifa. Nimeacha kuamka usiku. Misheni zikifungwa zinafungwa. Nafungua nikiwa na kazi nyingine mkononi, kama rafiki yangu, na siku ambazo sina kazi najikataza kabisa, juu nimeona hizo ndizo siku zinazoliwa.

Malipo ya makala bado. Leo mchana nilikuwa dirishani nikiandika hii, na watoto wa ploti walikuwa chini kwenye uwanja wa kuanikia nguo wakicheza na mkebe wa rangi. Mmoja alisema sasa ni asubuhi, wote wakainuka. Ilikuwa saa kumi jioni. Nilimpigia mdogo wangu simu nikamwomba mia mbili za tokeni hadi wiki ijayo. Alicheka kwanza, halafu akatuma mia tatu.